Maji Mengi, Mbolea Nyingi, Zabibu Chache: Yanayotokea Chini ya Udongo wa Kichanga

Mkulima wa zabibu anayemwagilia shamba la kichanga mpaka maji yatuame kwenye mifereji, na kisha kurudia kuweka mbolea ya urea kwa sababu majani yamekuwa ya njano, kwa kawaida hulipa mara tatu. Hulipia mafuta au umeme wa pampu, hulipia mfuko wa pili wa mbolea, na wakati wa mavuno hupunguziwa bei kwa kuwa zabibu zake hazina utamu wa kutosha. Malipo ya nne hayaonekani shambani. Yanakwenda chini taratibu, kuelekea kwenye maji ambayo wakazi wote wa kata huchota.

Makala haya yanaeleza mambo hayo manne yanavyohusiana, na huduma ambazo wananchi wa kata wanaweza kuzitumia ili kuyaepuka.

Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya wastani wa takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua kali na upepo mkavu. Hata hivyo mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi zenye majira ya baridi haziwezi kulifanya. Mavuno ya kwanza hutegemea mvua, na ya pili huangukia kiangazi. Mavuno ya kiangazi yana faida yake, kwa maana magonjwa ya ukungu hupungua na jua hukoleza sukari. Lakini kila tone linaloyakuza hutoka kisimani, bwawani au kwenye skimu ya umwagiliaji, na kila kosa la kipimo hugharimu zaidi kuliko wakati wa masika.

Udongo usioshika

Udongo wa mashamba mengi ya zabibu ni wa kichanga, mwekundu au wa kijivu, wenye mboji kidogo. Mzabibu unaupenda kwa sababu mizizi hupumua vizuri na haiozi. Ubaya wake ni kwamba hauna mahali pa kuweka akiba. Udongo wa tifutifu unaweza kuhifadhi milimita 150 au zaidi za maji yanayofaa kwa mmea katika kila mita moja ya kina chake. Kichanga huhifadhi takriban nusu ya hayo, na mara nyingine pungufu.

Mfano wa hesabu utasaidia. Milimita 1 ya maji ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tuchukue shamba la ekari moja ambalo mizizi yake mingi inayofyonza chakula imo katika sentimita 60 za juu. Udongo huo wa kichanga unaweza kuiwekea mizizi akiba ya milimita 48 hivi. Mizabibu iliyokomaa na yenye majani mengi ikitumia milimita 4 kwa siku, kwa wiki moja itatumia milimita 28. Sasa tuseme zamu ya maji ya mkulima huja mara moja kwa wiki, naye kwa kuhofia zamu ijayo kuchelewa akafungulia mpaka shamba lipate milimita 60. Udongo una nafasi ya milimita 28 tu. Milimita 32 zilizozidi hupita chini ya mizizi. Kwa ekari moja hizo ni takriban lita 130,000, yaani ndoo 6,500 za lita 20, kila wiki.

Hofu ya mkulima huyo ina msingi, kwani zamu za maji huchelewa kweli, hasa pampu inapoharibika. Hata hivyo maji hayo hayamfanyii akiba, maana yakishapita kina cha mizizi hayarudi. Lililo gumu zaidi kuliona ni kwamba maji hayo hayaendi peke yake.

Safari ya urea

Mfuko wa urea wa kilo 50 una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Naitrojeni ndiyo inayojenga majani, vichipukizi na ile rangi ya kijani inayoufanya mmea utengeneze sukari kwa kutumia jua. Hakuna shaka kwamba mzabibu unaihitaji. Mzabibu wenye njaa ya naitrojeni huanza kugeuka njano kwenye majani ya zamani, yale ya chini, kwa sababu mmea huihamisha naitrojeni kutoka huko na kuipeleka kwenye majani machanga.

Mizizi haiichukui urea kwa wingi ikiwa katika hali ile ile iliyotoka nayo mfukoni. Ikishaingia kwenye udongo wenye unyevu, hugeuka kuwa amonia ndani ya siku chache. Hapo kuna upotevu wa kwanza: urea iliyoachwa juu ya udongo wenye joto huruka hewani ikiwa hewa ya amonia, na mkulima huweza hata kuinusa. Ile iliyofukiwa sentimita 5 hadi 10 hubaki ardhini, kisha vijidudu vya udongo huigeuza tena kuwa naitreti. Katika joto la Dodoma kazi hiyo huchukua wiki moja hadi tatu hivi.

Naitreti ndicho chakula ambacho mizizi hukifyonza kwa urahisi. Ni chakula kisichotulia, kwa kuwa chembe za udongo haziishiki. Inayeyuka ndani ya maji na kwenda popote maji yanakokwenda. Katika kichanga, milimita 32 za maji ya ziada zinaweza kuisukuma chini kwa takriban robo mita. Zamu mbili tu za namna ile iliyoelezwa hapo juu zinatosha kuishusha kwa nusu mita, na mbolea iliyofukiwa karibu na uso wa ardhi ikawa imefika mwisho wa eneo la mizizi. Zamu ya tatu huimaliza.

Hii ndiyo sababu shamba lililotiwa mfuko mzima linaweza kuonekana lina njaa mwezi mmoja baadaye. Wakulima wengi hudhani mbolea ilikuwa feki. Mbolea feki zimewahi kukamatwa nchini, na mwenye shaka anapaswa kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, ni vyema mkulima ahesabu kwanza maji aliyomwagilia tangu siku ya kuweka mbolea.

Kosa la upande wa pili lipo pia, ingawa huzungumzwa mara chache. Mbolea iliyowekwa kwenye udongo mkavu haimsaidii mtu. Mizizi hufyonza naitrojeni ikiwa imeyeyuka. Udongo ukikauka, punje hukaa pale pale na chumvi yake huunguza kingo za majani. Katika umwagiliaji wa matone kosa hili hutokea kwa namna ya pekee: mkulima humwaga mbolea katikati ya mistari, mahali ambapo maji ya matone hayafiki kabisa. Mbolea huisubiri mvua ya Desemba, na mvua kubwa ya kwanza huichukua yote.

Majani mengi si mavuno

Baadhi ya wakulima hufanikiwa kuipa mizabibu yao maji mengi na naitrojeni nyingi kwa pamoja, ikafika kwenye mizizi yote. Shamba hilo hupendeza sana kwa mpita njia. Matawi hurefuka, majani huwa makubwa na ya kijani iliyoiva, na kivuli hujaa chini ya kichanja.

Ndani ya kivuli hicho ndimo yanamoanza matatizo. Naitrojeni ikizidi wakati wa maua, mmea hupeleka nguvu zake kwenye matawi na maua mengi hupukutika bila kushika punje. Vichala vinavyobaki hukaa gizani, hewa haipiti, na ubwiri unga hupata makazi. Punje hujaa maji, ngozi yake huwa nyembamba, hupasuka na kuoza kwa urahisi. Kuiva huchelewa. Mnunuzi wa zabibu za mvinyo hupima utamu kwa kifaa kidogo kiitwacho refraktomita, na kifaa hicho hakitazami uzuri wa majani. Kichala kizito chenye sukari kidogo hukataliwa au hushushwa bei, na mkulima ambaye hana pa kuzihifadhi zabibu hukubali bei yoyote, kwa kuwa zabibu iliyokatwa haingoji.

Kwa hiyo mzabibu huhitaji kubanwa kiasi katika wakati wake. Tangu machipukizi yatoke mpaka punje zishike, usipate shida ya maji. Punje zinapoanza kubadilika rangi na kulainika, maji hupunguzwa bila kukatwa kabisa, na mbolea ya naitrojeni husimamishwa. Anayeweka urea katika wiki hizo kwa matumaini ya kuongeza uzito anaupunguza utamu alioungoja msimu mzima.

Jambo hili halikugunduliwa Dodoma wala halihusu zabibu peke yake. Upande wa mashariki wa jimbo la Washington nchini Marekani, ambako sehemu kubwa hupata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka, mashamba ya tufaha hustawi kwa maji ya mito, na jimbo hilo huzalisha zaidi ya nusu ya tufaha zote za Marekani. Nchini Misri, mashamba ya tufaha aina ya Anna yameenea katika mchanga wa jangwa uliofunguliwa kwa umwagiliaji. Huko kote wakulima hukutana na kanuni ile ile: mti wa tufaha ulioshibishwa naitrojeni hutoa tunda kubwa, lenye rangi hafifu, laini na lisilodumu ghalani, na mchanga uliofurikishwa huipoteza mbolea. Ndiyo maana wengi wao huyeyusha mbolea ndani ya maji ya matone na kuitoa kidogo kidogo. Mkulima mwenye robo ekari hana mitambo hiyo, lakini kanuni yake anaweza kuifuata kwa kizibo cha soda.

Kizibo na nondo

Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 2 lina mizabibu takriban 670 kwa ekari. Mfuko mmoja wa urea ukigawanywa sawa, kila mzabibu hupata gramu 74 hivi. Kizibo cha soda hubeba gramu 5 kwa kukadiria, hivyo mgao wa mzabibu mmoja kwa mwaka mzima ni vizibo 15. Ukigawanywa mara nne, yaani mara mbili kwa kila msimu wa mavuno, kila mara ni vizibo vinne au pungufu. Mara ya kwanza ni pale chipukizi lenye afya linapofikisha majani matano au sita. Mara ya pili ni baada ya punje kushika, zikiwa ndogo kama mbaazi. Huu ni mfano wa namna ya kugawa. Kiasi hasa hutofautiana kutoka shamba hadi shamba, na hujulikana kwa kupima udongo.

Mbolea iwekwe kwenye kifereji kifupi umbali wa sentimita 30 hadi 45 kutoka shinani, ndani ya eneo linalolowa, ifukiwe, kisha ipewe maji machache ya kuiyeyusha. Zamu kubwa ya maji isifuate mara baada ya hapo.

Kuhusu maji, kifaa cha bei nafuu kuliko vyote ni kipande cha nondo chenye urefu wa mita moja. Siku moja baada ya kumwagilia, mkulima aikandamize ardhini kwa mkono. Nondo hupita kwa urahisi kwenye udongo uliolowa na kukwama ikifika kwenye udongo mkavu. Ikikwama kwenye sentimita 20, maji hayakutosha. Ikikwama kati ya sentimita 50 na 60, yametosha. Ikizama yote bila kukwama, mkulima amemwagilia chini ya shamba lake. Katika maeneo yenye mawe kipimo hiki hudanganya, na hapo hakuna budi kuchimba kishimo.

Samadi ya ng'ombe na mbuzi, ambayo kaya nyingi za Dodoma zinayo zizini bila kuinunua, inastahili kutangulia mbolea ya dukani katika kichanga. Naitrojeni yake ni kidogo na hutoka polepole, na huo ndio ubora wake, kwa maana haiondoki na zamu moja ya maji. Zaidi ya hayo, huongeza mboji inayoshika unyevu. Iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Matandazo ya nyasi au mabua chini ya mizabibu hupunguza maji yanayopotea kwa jua, ingawa wafugaji jirani watayatamani wakati wa kiangazi na ni busara kupatana nao mapema.

Lipo angalizo moja kwa wenye visima vya maji ya chumvi, ambavyo si vichache. Kumwagilia kidogo kidogo kwa maji ya namna hiyo huacha chumvi ardhini, na baada ya miezi kadhaa utando mweupe huonekana pembezoni mwa sehemu iliyolowa. Shamba kama hilo huhitaji maji mengi mara moja moja ili kuisukuma chumvi chini. Maji hayo yatangulie mbolea, yasiifuate. Masika huifanya kazi hiyo bila malipo, na kwa sababu hiyo si vyema kuweka urea nyingi siku chache kabla ya mvua kubwa za kwanza.

Kisima cha kata

Naitreti iliyopita chini ya mizizi haina kitakachoirudisha. Katika mabonde yenye visima vifupi, na kwenye makorongo ambako wananchi huchimba mchangani kutafuta maji, safari yake ni fupi. Kwenye visima virefu inaweza kuchukua miaka mingi, kwa hiyo maji kuwa safi leo hakuhakikishi chochote kwa miaka ijayo. Mbolea si chanzo pekee. Vyoo vya shimo na mazizi yaliyo karibu na kisima hutoa naitreti hiyo hiyo, na pengine kwa wingi zaidi. Itakuwa si haki kuwatwisha wakulima mzigo wote.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wa chini ya miezi sita wanaopewa maziwa ya kopo au uji uliotengenezwa kwa maji hayo. Naitreti huizuia damu yao kubeba oksijeni, na midomo na ngozi huweza kugeuka rangi ya bluu. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya mara moja. Mtoto anayenyonyeshwa maziwa ya mama pekee, kama inavyoshauriwa kliniki, yuko salama zaidi.

Kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Kuchemsha huua vimelea na ni lazima kuendelee, ila maji yanapopungua kwa mvuke naitreti hubaki, na kiwango chake katika sufuria huongezeka. Maji yenye naitreti hayana rangi, harufu wala ladha inayoweza kuitambulisha. Njia ya kujua ni kupima.

Huduma zinazopatikana

Mkulima anayetaka kupima udongo aanzie kwa Afisa Ugani wa kijiji au kata yake, ambaye ataelekeza sampuli mahali zinapopimwa. Sampuli nzuri huchukuliwa sehemu kumi au zaidi za shamba kwa mwendo wa kupindapinda, kina cha sentimita 0 hadi 30, na nyingine kina cha 30 hadi 60 zikiwekwa kando. Udongo wa kila kina uchanganywe kwenye ndoo safi, isiyowahi kutiwa mbolea, kisha kiasi cha nusu kilo kikaushwe kivulini na kufungwa na karatasi yenye jina la mkulima, kijiji na kina. Usichukuliwe udongo wa mahali penye zizi la zamani au pale mbolea ilipowekwa karibuni. Kwa masuala ya aina za mizabibu, upogoaji na magonjwa, kituo cha utafiti cha TARI Makutupora ndicho chenye utaalamu wa zao hili, na Afisa Ugani anaweza kuwasilisha maswali ya wakulima huko.

Mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye daftari la wakulima. Usajili na uhuishaji wa taarifa, pamoja na ukubwa halisi wa shamba, hufanyika katika ofisi ya kijiji au ya Mtendaji wa Kata.

Anayekusudia kuchimba kisima cha kumwagilia shamba anatakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na mashamba yaliyosogea ndani ya eneo hilo ndiyo ambayo mbolea yake hufika majini upesi zaidi.

Jumuiya ya watumia maji inayotaka kisima chake kipimwe naitreti iwasilishe ombi kwa Meneja wa RUWASA wa wilaya kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata, ikitaja mahali kisima kilipo, kina chake kama kinajulikana, na umbali wake kutoka mashamba, vyoo na mazizi. Sampuli huwekwa kwenye chupa safi iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, bila sabuni, baada ya pampu kukimbizwa dakika kadhaa. Chupa ijazwe hadi juu, ifunikwe, ihifadhiwe kwenye ubaridi mbali na jua, na ifike maabara ndani ya saa 24.